Vitabia usivyoviona mwenyewe: Anti anajibu barua zenu

Toleo lililopita niliomba mniandikie kuhusu vitabia vidogo vya mwili, uso na sauti, vile ambavyo mtu anafanya wala hajui kama anafanya. Mmeandika kweli kweli! Ila nimecheka, maana karibu barua zote zinamsema mtu mwingine, mume, bosi, wifi, mwalimu, waliojisema wenyewe ni wa kutafuta. Sishangai, mwenye kitabia ndo huwa wa mwisho kukijua. Nimechukua chache, nyingine zisubiri.

Mtoto kachukua kitabia cha marehemu babu yake

*Anti shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka minne. Akiwa anafikiria kitu anashika sikio la kushoto analikunjakunja kwa vidole viwili, mdomo kauachia, alafu anaguna. Mama mkwe alipomuona alilia kabisa, akasema huyo ni babu yake mtupu, marehemu akisikiliza redio alikuwa anafanya hivohivo mpaka kuguna. Na mzee alifariki mi hata sijaolewa. Sasa ukweni wanasema mzee karudi, wanataka mtoto abadilishwe jina. Sijui nicheke au niogope. – Mama J, Tanga*

Marahaba Mama J. We cheka tu. Ila kabla hujaenda mpaka kwa marehemu anza na huyo unayelala naye. Mvizie mumeo siku anasoma mkataba au anasikiliza mpira redioni, usimwambie kama unamwangalia, ukimwambia tu mkono utatulia na hutoona kitu. Kwa jinsi ninavyojua mambo haya, utakuta na yeye anashika sikio. Mama mkwe hajaliona hilo kwa mwanae kwa sababu kamzoea toka anambeba mgongoni, kaliona kwa mjukuu kwa sababu mtoto wa miaka minne kuguna kizee lazima kila mtu ageuke. Hapo njia ni fupi, babu kampa baba, baba kampa mtoto.

Na kuiga kwenyewe hakuna anayekupangia. Mwaka 1999 kule New York wanasaikolojia wawili, Tanya Chartrand na John Bargh, waliwakalisha watu mmoja mmoja na mgeni ili waelezane picha, kumbe mgeni kapangwa, mara anajikuna uso, mara anatikisa mguu. Basi aliyekaa na mkunaji akajikuta anajikuna zaidi, aliyekaa na mtikisaji naye mguu ukaanza, na walipoulizwa baadae hawana habari. Hao ni watu wasiojuana, wamekaa dakika chache tu, sasa mtoto anayekula na kulala na baba yake kila siku si ndo balaa.

Lakini sitakudanganya kwamba yote ni kuiga, damu nayo imo. Watafiti wa Haifa, Israel, walitoa utafiti mwaka 2006 wa watu 21 ambao ni vipofu toka kuzaliwa pamoja na ndugu zao, wakawarekodi nyuso wakiwa wanasimulia jambo la hasira au la huzuni au wanafikiria sana, na ikaonekana uso wa kipofu unakunjika kwa namna inayofanana na ndugu zake kuliko watu baki, wakati hajawahi kuwaona hata siku moja. Na kuna kisa kimoja mi nakipenda sana, mwanasayansi Charles Darwin alikichapisha mwaka 1872, alipewa na ndugu yake Francis Galton. Bwana mmoja akilala chali, usingizi mzito, alikuwa anainua mkono wa kulia taratibu mpaka usawa wa paji la uso alafu anauachia puu! unamgonga juu ya pua. Pua yenyewe ndefu, ikawa inachubuka, mkewe akaishia kuondoa kifungo kwenye mkono wa nguo yake ya kulalia. Miaka mingi baada ya bwana kufa, mwanae wa kiume kaoa, na mke ambaye hajawahi kusimuliwa chochote akakuta mume anafanya vilevile usiku (huyu pua yake haikuwa ndefu, ilisalimika). Wakazaa binti, naye akawa nayo. Usingizini humo kamuiga nani?

Kwa hiyo mzee hajarudi, alikuwepo hapo siku zote. Jina mkitaka kumpa mtoto mpeni, kumuenzi mzee ni jambo jema, ila mumpe kwa upendo sio kwa woga. Na kama sikio linatoa usaha au usiku analia, hapo peleka hospitali, sio babu huyo.

Sijanuna, ni uso tu

*Niaje Anti. Mimi niko mapokezi kwa kliniki moja hapa Nakuru. Wateja wanaambia bosi kila wakati ati nimewanunia, na mimi hapo sina shida na mtu, natafuta tu jina lake kwa kompyuta. Bosi anataka nitabasamu siku mzima. Mashavu yananiuma. Nifanye? – Sijanuna*

Poa sana Sijanuna. Mtu akitafuta jina kwenye skrini nyusi zinasogeleana, macho yanapepesa mara chache, midomo inabanwa, na yule aliye upande wa pili wa kaunta, tena anaumwa, anajua umemkasirikia yeye. Msuli wa kukunja ndita ni uleule mmoja, ukifikiri unakunja, ukikasirika unakunja, sasa mgonjwa atajuaje.

Tabasamu la amri nalo halifiki mbali. Kuna daktari wa Kifaransa anaitwa Duchenne, mwaka 1862 alichapisha kazi yake, alikuwa na mzee mmoja asiye na meno anamgusisha vyuma vya umeme usoni ili aone msuli upi unafanya nini, akaona misuli ya kuvuta pembe za mdomo unaweza kuiamuru ikatii, ila ule unaozunguka jicho hauji kirahisi mpaka mtu afurahi kweli. Ndo maana tabasamu lako la saa nane mchana mdomo unacheka, macho hayamo, na wateja wanaona bila kujua wameona nini.

Badala ya siku nzima toa sekunde ya kwanza tu. Mtu akifika, toa macho kwenye kompyuta kabla hujasema neno, mtazame, nyusi zipande kidogo, ndo useme karibu. Hii ya nyusi kupanda sijaibuni mimi, mtafiti wa Austria, Eibl-Eibesfeldt, alizunguka na kamera kwenye jamii nyingi za dunia akainasa, watu wakimuona mtu wanayemfurahia nyusi zinaruka mara moja na wenyewe hawajui. Ukishamaliza rudi kwenye skrini ukunje ndita utakavyo, ila sema kwa sauti "subiri nakutafutia jina", hapo mtu anajua kumbe hizo ndita ni za kazi. Na nenda kapime macho, sifanyi utani, wengine wanaoambiwa wana hasira usoni wanachohitaji ni miwani.

Alafu siku moja muulize bosi, taratibu (kazi ni ngumu kupata), kama yule mlinzi mwanaume wa getini naye kaambiwa atabasamu mpaka jioni.

Msonyo wangu utanifanya niachwe

*As-salaam alaykum Anti. Mie mtu wa Mombasa nimeolewa bara. Mume wangu kanuna, ati namsonya. Wallahi simsonyi yeye! Kijiko kikidondoka nasonya, uzi ukikataa kuingia sindanoni nasonya, nikikumbuka nimesahau chumvi nasonya. Wala siusikii ukitoka. – Mke wa Bara*

Wa alaykum salaam dada yangu. Huo msonyo usidhani utaumaliza jikoni kwako peke yako, Jamaica na Guyana wanasonya mpaka leo, ulivuka bahari na Waafrika waliopelekwa utumwani na miaka yote hiyo haujafa. Tatizo la msonyo ni kwamba hauna anwani, aliye karibu ndo anaupokea. We umeupeleka kwa kijiko, yeye kaupokea sebuleni.

Kuubana hutoweza, unatoka kabla akili haijafika. Fanya hivi, ukigundua umeshatoka, hapohapo taja mkosaji kwa sauti, "kijiko hiki nacho!", "uzi huu!". Siku za mwanzo utajiona mwehu unagombana na vyombo, ila mumeo atasikia kesi ni ya nani, na baada ya muda utashangaa maneno yanawahi mdomoni kabla ya msonyo. Na yeye muulize kwa niaba yangu, akinywa chai ya moto hatoi sauti yoyote?

"Kwa hiyo" zangu zinahesabiwa

*Anti, mi ni mwalimu wa sekondari Morogoro na wikiendi nasherehesha harusi. Juzi nimekamata daftari la mwanafunzi limejaa vijistari, nikajua hesabu, kumbe wanahesabu "kwa hiyo" zangu, na ukurasa wa nyuma "unaona eeh". Nikajirekodi kwenye simu nikiwa nafundisha. Nimeishiwa nguvu. "Kwa hiyo" zipo kweli, ila kibaya zaidi sauti, nyembamba kama ya mtu mwingine, na mikono sijui niiweke wapi. Kuna mkufunzi wa semina alitufundisha maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, sauti 38, mwili 55. Ina maana 93 zote nimeharibu? – Ticha MC*

Ticha, hiyo 7, 38 na 55 tuiondoe kwanza mezani maana imezunguka kila semina ya mjini na watu wanailipia hela. Imetoka kwa mwanasaikolojia Albert Mehrabian wa Marekani, tafiti mbili za mwaka 1967, na kwenye hizo tafiti watu walisikilizishwa neno mojamoja, kwa mfano neno la kusema "labda", likitamkwa kwa sauti mbalimbali na kuonyeshwa picha ya uso, alafu wakaulizwa huyu msemaji anampenda anayemwambia au hampendi. Basi. Ilihusu hisia, tena pale neno na sauti vinapopingana, na Mehrabian mwenyewe ameshasema namba zake haziendi kwenye mazungumzo mengine. Mwambie huyo mkufunzi aje darasani kwako afundishe usanisinuru kwa mikono na miguno, bila neno hata moja, alafu atoe mtihani tuone hiyo 93.

Sauti nayo, ukiongea unajisikia kwa njia mbili, kuna inayopita hewani ikaingia sikioni na kuna inayopita ndani kwa ndani kwenye mifupa ya kichwa, na hii ya mifupa inabeba vizuri ule uzito wa chini ndo maana ukiwa bafuni unajiona mwanaume wa redio. Simu haina mifupa yako. Kwa hiyo (umeona, na mimi ninazo) hiyo nyembamba ndo sauti ambayo mkeo anaisikia toka siku ya kwanza, na maharusi wote uliowasherehesha, na bado wanakuita. Isikilize mara kadhaa mpaka uizoee, mshtuko unapungua.

Ukumbini kuna jambo jingine. Daktari wa Kifaransa, Étienne Lombard, alichapisha mwaka 1911 kwamba mtu akiwekewa kelele masikioni anapandisha sauti bila kujua, kelele zikikatwa inashuka yenyewe. Wewe unashika maiki huku DJ hajashusha muziki, koo linakaza, sauti inapanda na kuwa nyembamba zaidi, wewe unadhani ndo mbwembwe. Kubaliana na DJ kabisa, ukishika maiki yeye anashusha ndo wewe unaanza, sio unaanza ndo anashusha.

Haya "kwa hiyo". Hivi vijineno vina kazi, usivitukane. Wanasaikolojia Herbert Clark na Jean Fox Tree mwaka 2002 walionyesha kwamba hata wale Waingereza na "uh" na "um" zao hawazitoi ovyo, "uh" inatangulia kusita kidogo, "um" kusita kurefu, yaani mtu anamwambia msikilizaji subiri nakuja. "Kwa hiyo" yako inasema sijamaliza msinikatishe. Sikiliza rekodi yako tena, usihesabu, angalia tu zinatokea wapi. Nakuhakikishia hazijasambaa kila mahali, nyingi zitakuwa sehemu mbili tatu tu, ukigeuka kutoka ubaoni, ukimaliza mfano, ukisahau kinachofuata. Hapo ndo pa kufunga mdomo. Funga kabisa, midomo igusane, geuka, waangalie, alafu sema sentensi yako. Wewe utaona umekaa kimya mwaka, wao hata hawatagundua. Na hao wahesabuji wape kazi rasmi, Ijumaa wakuletee jumla, ukishuka wapigiwe makofi. Ukiwachapa watahesabu mpaka unavyokohoa.

Mikono iache ifanye kazi. Watafiti wawili, Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow, mwaka 1998 waliwaangalia watoto na vijana vipofu toka kuzaliwa wakiongea, mikono inacheza, hata kama anayeongea naye ni kipofu mwenzake! Inamsaidia msemaji mwenyewe kupanga mambo kichwani. Shida inakuja tu ukiwa umesimama unasubiri, na hilo hata Angela Merkel, aliyekuwa kansela wa Ujerumani, lilimsumbua, akaishia kukutanisha ncha za vidole mbele ya tumbo, mikono ikatengeneza umbo la almasi, na mwaka 2013 chama chake kikaichapa hiyo mikono kwenye bango kubwa Berlin kwenye kampeni. We shika maiki kwa mkono mmoja na karatasi ya ratiba kwa mwingine, yameisha.

Akiangalia chini ni muongo?

*Anti, binti yangu wa darasa la sita nikimuuliza jambo anaangalia chini na kushika pua. Mama yake anasema hapo hapo uongo tayari, mwili haudanganyi. Ni kweli? – Baba K, Kigoma*

Baba K, hapana. Watafiti Bond na DePaulo mwaka 2006 walikusanya tafiti nyingi zenye waamuzi zaidi ya 20,000 kwa ujumla, watu wanakaa wanabahatisha nani muongo nani mkweli, wakapata kama asilimia 54, na ukirusha shilingi unapata 50. Pua ndo usiseme, wanafunzi wa udaktari wa Australia walichunguzwa wakiwa darasani, utafiti ukatoka mwaka 2015, wakawa wanajigusa uso kwa wastani mara 23 kwa saa moja, na hao hakuna aliyekuwa anawahoji. Alafu tuwe wakweli jamani, mtoto huyuhuyu si ndo mlimfundisha asimkazie macho mkubwa? Katii, mnamuita muongo. Muulizeni mkiwa mnafanya kazi pamoja, mnachambua mboga au mnatembea, asiwe amesimamishwa mbele yenu kama yuko kizimbani, na msikilize anachosema kama kinaungana na mnachokijua.

Anapepesa macho hatulii

*Shikamoo Anti. Mwanangu ana miaka saba, toka mwaka jana anafumba macho kwa nguvu mfululizo na kuvuta pua, mafua hana. Nikimwambia acha ndo anazidi. Shuleni mwalimu anasema anamfanyia dhihaka, ameshampiga. Baba yake anasema ni deko. – Mama wa Mwanza*

Marahaba. Pole na mpe pole mtoto. Sio deko wala dhihaka. Inafanana sana na kitu ambacho madaktari wanakiita tiki, yaani mwili unatoa mjongeo mdogo au sauti ya ghafla inayojirudia, mara nyingi huanza kwenye miaka mitano mpaka saba hivi, inaweza kuzidi akifika kumi au kumi na mbili, na kwa wengi inapungua wanapokua. Anaweza kuizuia kwa muda, ndo maana watu wanadhani anafanya kusudi, ila ndani anasikia kitu kama muwasho unajaa, mpaka autoe ndo anapata nafuu. Ukimwambia acha umemkumbusha, na akiwa na wasiwasi ndo inaongezeka, kwa hiyo kiboko cha mwalimu kinaongeza kilekile anachokikataza.

Mpeleke kwanza macho yakaguliwe, mzio nao unafumbisha macho na kuvutisha pua, alafu amuone daktari wa watoto. Mjongeo na sauti vikiwepo vyote na vikapita mwaka, daktari ataangalia kama ni ile hali ya Tourette, aliyoielezea daktari wa Kifaransa wa jina hilo mwaka 1885. Na kama kuna wakati anaduwaa, unamuita hasikii kabisa, lieleze hilo wazi maana ni jambo jingine la kupimwa haraka.

Ipo tiba isiyo na dawa pia, wanasaikolojia Azrin na Nunn walianza kuitumia mwaka 1973. Mtoto anafundishwa kuutambua ule muwasho kabla haujatoka, na ukija anafanya kitu kingine kisichoweza kwenda pamoja nao, kwa mfano kupepesa polepole kwa hiari na kutazama sehemu moja mpaka upite. Inataka mtaalamu na mtoto mwenyewe awe anataka, sio anasukumwa. Nyumbani kazi yenu ni kunyamaza tu, isitajwe mezani, isiigizwe na ndugu zake. Kwa mwalimu aende baba, tena na barua ya daktari, maana na yeye inabidi aisome kabla hajaipeleka.

Baba mdogo kapata dharau

*Anti, baba mdogo wangu alikuwa mcheshi wa ukoo. Toka alipostaafu kabadilika, hacheki, ukimsimulia kitu anakukazia macho tu, anaongea chini chini kama hataki tumsikie. Ndugu wanasema hela za mafao zimempa dharau. Juzi benki walikataa sahihi yake, imekuwa ndogo mno. Tumuendee vipi? – Mpwa, Dodoma*

Mwanangu, asante kwa kuandika hiyo ya benki, bila hiyo pengine na mimi ningeishia kwenye dharau. Vitabia vya mtu havifutiki hivihivi uzeeni. Uso uliokuwa unacheza ukiwa umeganda, sauti ikashuka, mwandiko ukapungua, hizo ni dalili ambazo zinaweza kuwa za Parkinson, ugonjwa aliouelezea daktari Mwingereza James Parkinson mwaka 1817, ubongo unapungukiwa kemikali ya dopamini na ile mijongeo inayojiendesha yenyewe ndo inaanza kupotea. Watu wanasubiri mkono utetemeke, na kuna wagonjwa hautetemeki kabisa. Mwangalieni akitembea kama mkono mmoja haubembei, na muulizeni kama bado anasikia harufu ya vitunguu vikikaangwa. Inaweza pia kuwa sonona au jambo jingine, ndo maana apimwe, dawa za kumsaidia zipo.

Aende kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na asiende peke yake maana atasema yuko sawa na atakuwa anaamini hivo. Mmoja wenu amsindikize, mbebe zile karatasi za benki, sahihi ya zamani na ya sasa, na kama kuna video ya harusi ya miaka ya nyuma akiwa anachekesha watu iwekeni kwenye simu, daktari aione.